TEKKEN: MIAKA 30 BABA NA MWANA WANATUPANA KORONGONI, NA BADO MNASEMA STORI HAINA MAANA?

Leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani, maana kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima na lazima nifunguke.

Kuna jamaa mmoja, jina kapuni, ana wafuasi kibao mitandaoni na kazi yake ni kuchambua gemu na muvi. Juzi kaposti video anasema Tekken ndiyo yenye stori mbovu kuliko gemu zote za ngumi. Eti miaka 30 baba anamtupa mtoto, mtoto anamtupa baba, mwisho wa habari. Watu wakajaa kwenye koment kucheka. Na mimi nilicheka, sikatai. Ila usiku nikawa nimelala naangalia dari, najiuliza mbona hii stori mimi naijua tangu kabla sijashika padi?

Ngoja nianzie nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Zirai, milimani Usambara, kwenye iliki na ukungu. Mwaka 2012 nikiwa bado shule ya msingi, kijana mmoja alishuka mjini akarudi na PlayStation 2 na tivii ya chogo. Akafungua banda pale senta, jenereta linanguruma nje, ndani mabenchi mawili. Gemu moja shilingi 100. CD ya Tekken 3 ilikuwa imechubuka mpaka unaifuta kwa shati ndiyo isome.

Hakuna aliyetufundisha kucheza. Ndiyo uzuri wa kwanza wa hii gemu ambao wachambuzi wa mjini hawauoni. Padi ina vitufe vinne na mwili una viungo vinne. Mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, ile alama ya kukosa ni mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Kwisha. Huhitaji Kiingereza. Mtoto wa darasa la tatu aliyetumwa chumvi anaingia, anamchagua Eddy yule Mbrazili wa kucheza kama ngoma (sisi tulimwita Rasta), anabonyeza miguu ovyo ovyo na anampiga bwana mkubwa wa kidato cha nne. Tekken ya kwanza ilitoka 1994, na mpaka Tekken 8 ya 2024 huo utaratibu wa viungo vinne haujabadilika. Aliyejifunza kwenye banda la Zirai akishika padi leo mwili unakumbuka.

Sasa tuje kwenye stori yenyewe, kwa wale wasioifahamu.

Kuna mzee anaitwa Heihachi Mishima, tajiri mwenye kampuni na jeshi. Ana mtoto anaitwa Kazuya. Mtoto akiwa na miaka mitano, mzee anamtupa korongoni. Mtoto hafi, kwa sababu ndani yake kuna damu ya shetani. Anakua na hasira, anaingia kwenye mashindano ya ngumi, anampiga baba yake na kumtupa kwenye korongo lile lile. Tekken 2, mzee amepanda amerudi, anampiga mwanawe na kumtupa kwenye volkano. Tekken 3 anakuja mjukuu, Jin, ambaye sisi pale bandani tulimwita Jini, na kwa bahati jina likamkaa kweli. Babu anamlea, anamfundisha ngumi, kumbe anamtumia kama chambo cha kumnasa dubwana linaloitwa Ogre. Kazi ikiisha anampiga risasi. Naye hafi, anaota mabawa. Tekken 5 tunagundua kwamba hata Heihachi alikuwa na baba yake, Jinpachi, na alimfungia chini ya ardhi. Vizazi vinne, mchezo mmoja.

Yule jamaa anasema huko ni kuishiwa mawazo. Mimi nasema huyo hajawahi kukaa kwenye ukoo wenye kesi ya shamba.

Wadau, babu yangu aliacha shamba la iliki. Watoto wake wawili wa kiume, baba yangu na baba mkubwa, wakagombana juu ya mpaka. Nyie wa milimani mnajua, mpaka kwetu ni masale. Mmoja anasema masale yamehamishwa usiku, mwingine anasema yako pale pale alipoyapanda marehemu. Ugomvi huo nimezaliwa nimeukuta. Tulikuwa tunaambiwa kabisa, ukimwona mtoto wa baba mkubwa njiani usimwamkie. Mtoto mwenyewe tuko rika moja. Mlango mmoja, lugha moja ya Kisambaa, na hawaelewani. Alafu kwenye Tekken za karibuni Heihachi anaongea Kijapani, Eddy anajibu Kireno, na wanaelewana vizuri tu.

Mnajua nilimwamkia wapi ndugu yangu? Bandani. Kule kiti ni benchi na padi ziko mbili. Ukikuta padi ya pili anayo mtoto wa adui yenu, utafanyaje na mia yako umeshalipa? Tulicheza. Yeye Hwarang, mimi Jini. Hatukusalimiana mwezi mzima, ila tulicheza. Baadaye tukaanza kuchekana, baadaye tukagawana mihogo. Nyumbani hakuna aliyejua.

Kwa hiyo ukiniambia stori ya kujirudia haina maana, sikuelewi.

Tena tusiende mbali mpaka Japani. Milima yetu wenyewe ina Tekken yake. Mbegha, yule aliyeanzisha utawala wa Wakilindi, alitokea Nguu. Inasimuliwa kwamba aliota meno ya juu kwanza, yaani kigego, na zamani mtoto wa hivyo alionekana ana mkosi wa kuumaliza ukoo. Ndugu zake wakamnyima urithi. Akatembea na mbwa wake akiwinda nguruwe pori, akafika Usambara, akaua simba, watu wakamweka mtawala na kumwita Simba Mwene. Linganisheni na Kazuya. Tekken 7 inafichua kwamba Heihachi alimtupa yule mtoto ili ajue kama ana damu ya shetani kutoka kwa mama yake. Mtoto wa miaka mitano anapimwa kwa kutupwa korongoni, kosa lake ni alivyozaliwa.

Na haikuishia kwa Mbegha. Mwaka 1862 akafariki Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkubwa wa Vuga. Akakalishwa mjukuu wake, Shekulwavu. Baba yake mdogo, Semboja, alikuwa Mazinde kule chini kwenye njia ya misafara, ana biashara na ana bunduki. Akamfukuza mtoto wa kaka yake Vuga. Vita ikaendelea miaka na miaka, raia wakauzwa utumwani, na Wajerumani walipofika wakakuta nchi imeshapasuka. Haya yapo kwenye Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewahi kumtumikia Semboja mwenyewe. Hakuna anayekifungua kitabu hicho akasema mwandishi kaishiwa mawazo kwa sababu ndugu wanapigana tena. Ndivyo ilivyokuwa.

Kitu kingine ambacho Tekken inakijua ni kwamba ugomvi wa ukoo unarithiwa mwilini. Angalieni mapigo. Heihachi, Kazuya na Jin wa Tekken 3 wote wanapiga ngumi moja ya ukoo, ile yenye cheche za umeme. Tekken 4 Jin anauchukia ukoo mpaka anaenda Australia kujifunza karate nyingine kabisa. Ukimchukua kwenye Tekken 4 ukajaribu mapigo ya zamani, hayatoki! Sisi tulidhani CD mbovu. Kumbe waliotengeneza walikuwa wanatuambia kitu kupitia vidole: huyu kijana amekataa urithi. Alafu Tekken 5 anatokea Jini mwenye mabawa, ule upande wake wa shetani, na mapigo yote ya ukoo anayo. Na Tekken 6 Jin ameshika kampuni ya babu yake na yeye ndiye kaanzisha vita ya dunia. Alikimbia ukoo mpaka akawa ndiye ukoo. Hapo stori imekaa kwenye padi, huhitaji hata kusoma maandishi.

Pia kuna ile kanuni kwamba kila mchezaji ana mwisho wake. Ukimaliza na Law unaona video ya Law, ukimaliza na Paul unaona ya Paul, kila mmoja kwake yeye ndiye mshindi. Ila gemu inayofuata inafuata mwisho mmoja tu. Paul kwenye Tekken 3 alimpiga Ogre akaenda zake akijua kashinda, kumbe nyuma yake dubwana likaamka na mwingine ndiye akamaliza kazi. Mimi nikimwona Paul nawaona wazee wetu wawili. Kila mmoja ukimkalisha atakusimulia kesi aliyoshinda yeye.

Na sio kila urithi ni sumu. King, yule mwenye kichwa cha jagwa, wa kwanza aliuawa na Ogre. Mtoto aliyelelewa kwenye kituo chake cha yatima akavaa kile kinyago akaingia ulingoni ili kituo kisife. Watu wengi wamecheza King miaka yote hawajui kwamba ni watu wawili.

Sasa nisije nikaonekana chawa wa Tekken. Ipo sehemu jamaa yuko sahihi, na hapa namwunga mkono.

Kwenye muvi tulizoea kusema steringi hafi. Tekken imeenda mbali zaidi, hata adui hafi. Heihachi Tekken 5 ilianza kwa kutuambia kafa kwenye mlipuko. Akarudi. Tekken 7 Kazuya anamuua na kumtupa kwenye moto wa volkano, tukasema sawa, safari hii mzee kapumzika. Mwaka 2024 karudi kwenye Tekken 8, tena kama mchezaji wa kununua kwa hela ya ziada. Hata Rasta wetu wa mia kwa gemu, Eddy, naye mwaka huo huo karudi kwa kulipiwa pembeni. Hapo ndipo kujirudia kunaharibu. Baba akigombana na mwanawe, stori inauma kwa sababu kuna kitu hakirudi tena. Kama maiti anafufuka kila kampuni ikitaka hela, basi ule msiba tuliolia ulikuwa wa nini? Kwenye maisha hakuna anayerudi.

Najua kwa sababu baba mkubwa alifariki mwaka jana. Yeye na baba hawakuwa wamesalimiana miaka zaidi ya 20. Baba alienda mazikoni, akasimama mbali, akarudi nyumbani hakula siku mbili. Nikadhani yameisha. Mwezi uliopita kanipigia simu, anasema yeye amechoka, mimi ndiye mtoto wa kiume, nirudi nisimamie kesi ya mpaka. Na nikajua kabisa upande wa pili nani amepigiwa simu kama yangu.

Sasa unaelewa kwa nini ile video ya kucheka ilinichoma.

Nilimpigia ndugu yangu. Tukaongea gemu kwanza, ndiyo lugha yetu. Nikamwuliza umeona mwisho wa Tekken 8? Jin na baba yake wanapigana mpaka nguvu za shetani zinawaishia wote wawili, wanabaki ngumi tupu kama watu wa kawaida. Jin anashinda. Na hamtupi baba yake popote. Miaka 30 tunasubiri nani atatupwa korongoni safari hii, na hakuna anayetupwa. Ndugu yangu akanyamaza kidogo, akasema, "Masale yabaki yalipo basi." Nikamwambia yabaki.

Baba nimemweleza. Wiki mbili sasa hapokei simu yangu. Mama anasema anaulizia tu kwa mbali kama nimekula. Ijumaa napanda basi, nitafikia kwa baba, sio kwa ndugu yangu, maana yeye ndiye ninayemheshimu na ndiye niliyemwudhi. Sijui nitaanzaje. Hii sio gemu kwamba nikikosea nabonyeza kuanza upya.

Ila kuna mtu ana miaka mitano pale nyumbani kwa ndugu yangu, mtoto wake, na dada yangu naye ana wake. Wale sitaki waambiwe wasiamkiane njiani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Yule jamaa wa jina kapuni akipita hapa namkaribisha kwa roho safi, tena aje na padi yake. Na wewe unayesoma, kwenu mnagombania nini mlichokikuta? Na nani alisema basi? Tiririka hapo chini, nitasoma zote nikiwa kwenye basi kama mtandao utakubali.