Kiatu cha kwanza cha mtoto usikiuze kwa umri, kiuze kwa sentimita

Leo naongea na nyinyi mnaouza viatu vya watoto kwenye stetasi za WhatsApp na Instagram, hasa vile vidogo vya mtoto anayeanza kutembea. Najua wapo watakaonipinga, lakini nasema hivi: tuache kuandika "mwaka 1", "mwaka 1 na nusu", "miaka 2" chini ya picha ya kiatu. Umri sio saizi. Tuandike sentimita.

Mimi sijasomea biashara. Nimemaliza form four, nikaanza na jozi chache kwenye mkoba, na sasa nina kiduka changu Mjini, karibu na Darajani. Nusu ya wateja wangu siwaoni kwa macho, wananunua kwa simu. Wako Fuoni, wako Nungwi, wako Makunduchi, na wengine wako Pemba. Mteja wa dukani anaweza kumvalisha mtoto pale pale akaona. Huyu wa kwenye simu anakuamini wewe tu. Ndio maana hili jambo linatuhusu sisi wa mtandaoni kuliko mtu mwengine yeyote.

Umri haukwambii kitu

Mama akikujibu "mwanangu ana mwaka mmoja", umejua nini kuhusu mguu wake? Hujajua kitu. Watoto wawili wamezaliwa wiki moja, mmoja mguu wake ni sentimita 11.5, mwengine 13. Hizo ni kama namba mbili za kiatu.

Na kutembea kwenyewe hakuna siku maalum. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 matokeo ya kufuatilia watoto wazima wa afya katika nchi 5: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walikuta mtoto anaweza kuanza kutembea peke yake kuanzia kama miezi 8 mpaka karibu miezi 18, na yote hiyo ni kawaida. Sasa wewe ukiandika "kiatu cha mwaka 1", unamuuzia nani? Wa mwaka mmoja anayekimbia, au wa mwaka mmoja ambaye bado anasimama dede kwa kushika kochi?

Na namba za kwenye soli nazo zina mambo

Wengi wetu tunadhani tukiandika "20" au "21" tumemaliza kazi. Hebu tujue kwanza zile namba zinatoka wapi.

Namba za Ulaya, kila moja inazidi ya nyuma yake kwa theluthi mbili za sentimita, yaani kama milimita 6.7. Namba 20 ni kama sm 13.3, namba 21 ni sm 14, namba 22 ni kama sm 14.7. Lakini hicho ni kipimo cha kalibu, lile umbo ambalo kiatu kinashonewa juu yake. Sio kipimo cha mguu wa mtoto. Mguu unatakiwa uwe mfupi kuliko hapo ili vidole vipate nafasi.

Namba za Uingereza zinapanda kwa theluthi moja ya inchi, kama milimita 8.5, na za watoto zinaanza kuhesabiwa kutoka inchi 4. Ndio maana kiatu kimoja utakikuta kimeandikwa 20 na pembeni kimeandikwa 4. Mama akiiona hiyo 4 anakuuliza, "Mbona cha miaka minne, mwanangu hata mwaka hajatimiza?" Kama hujui maelezo yake, unabaki kubabaika na oda inakwenda.

Juu ya hayo, kila kiwanda na mkono wake. Leo nimetoa jozi tatu kwenye rafu yangu, zote zimeandikwa 20. Ndani moja ni sm 12.6, moja 13.2, moja 13.8. Zaidi ya sentimita nzima tofauti, namba ile ile! Kwa mguu wa mtoto wa sm 12, hiyo ya kwanza itambana baada ya wiki chache, na hiyo ya mwisho itampwaya.

Pima ndani, usipime nje

Kupima hakutaki mashine. Mimi natumia kijiti cha ufagio wa chelewa na rula ya skuli. Ingiza kijiti ndani mpaka kiguse mbele, kikate pale kisigino kinapoishia, kitoe, kiweke kwenye rula. Kama soli ya ndani inatoka, itoe uipime yenyewe. Pima kila namba ya kila mzigo mpya, sio mzigo wa kwanza tu, kwa sababu mzigo wa pili unaweza kuwa umetoka kiwanda chengine.

Kisha chini ya picha andika hivi: "Urefu wa ndani sm 13.5. Kinafaa mguu wa sm 12 mpaka 12.5." Basi. Hiyo ni sentensi mbili lakini inamaliza maswali kumi.

Mteja naye mfundishe kupima. Mimi nina ujumbe wa sauti nimeurikodi mara moja, kila mteja mpya namtumia:

1. Weka karatasi chini, ubavu wake uguse ukuta.
2. Msimamishe mtoto juu yake, kisigino kiguse ukuta. Kama hajawa imara, mwengine amshike. Asikae, maana mguu ukibeba uzito unatanuka.
3. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Sio lazima kiwe kidole gumba.
4. Pima miguu yote miwili, chukua ule mrefu.
5. Fanya jioni, kwa sababu mguu unavimba kidogo kwa mizunguko ya mchana.
6. Nitumie picha ya karatasi na rula juu yake.

Hapo unaongeza sentimita 1, isizidi moja na nusu, unapata urefu wa ndani unaotakiwa. Mguu wa sm 12.3 unataka kiatu chenye ndani sm 13.3 mpaka 13.8.

"Kikubwa kidogo, akue nacho"

Hapa ndipo penye ugomvi. Mzazi anataka kiatu cha Idi hii kifike na Idi ijayo. Simlaumu hata kidogo, maisha tunayajua. Lakini mguu wa mtoto wa umri huu unakua haraka mno. Ndani ya miezi mitatu minne unaweza kukuta kashaacha saizi. Kiatu cha kufika mwaka mzima leo kitakuwa kikubwa mno, na mtoto anayekwenda tata bado hajajua kuinua mguu vizuri. Ncha ya kiatu inamkwaza. Kujaza pamba mbele hakusaidii, maana kiatu kinakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Mimi namwambia mzazi wazi: bora kiatu cha bei ndogo kinachomkaa kuliko cha bei kubwa cha kumsubiri. Na kidogo nacho usikubali. Mtoto mdogo hajui kusema "kinanibana". Anakunja vidole ndani, na wewe ukibonyeza mbele unahisi nafasi ipo.

Kabla ya Idi alikuja dada mmoja kutoka Mkokotoni, kashika kiboksi. Kiatu kanunua mtandaoni kwa muuzaji mwengine, kimeandikwa "mwaka 1", mtoto wake ana miezi 13. Kila akimvalisha analia, akadhani ni deko. Kisigino kilikuwa kimechubuka. Nikampima: mguu sm 12.4, kiatu ndani sm 12.5. Muuzaji alimjibu mzigo ukishatoka haurudi. Yule dada hakukasirikia duka moja, alisema, "Mimi vitu vya mtandaoni basi tena." Mnaona? Hasara ile ni yetu sote. Mimi nauza mtandaoni, wewe unauza mtandaoni, na mteja ametuweka wote kapu moja.

Mtoto asiyetembea, sema ukweli

Kuna maneno tunayaandika ambayo mimi nasema tuyaache: "Kiatu cha kumfundisha mtoto kutembea." Hakuna kiatu kinachofundisha kutembea. Madaktari wa watoto wanashauri mtoto anayejifunza aachwe pekupeku ndani kadiri inavyowezekana, maana nyayo ikigusa chini ndio anajifunza kushika mizani. Na sisi hapa mila yetu inatusaidia, viatu vinabaki mlangoni. Kiatu ni cha nje: mawe ya matumbawe, vigae vya chupa, mchanga unaounguza mchana, vichochoro vya Mji Mkongwe vyenye maji na uchafu.

Kwa hiyo mteja akiniambia mtoto ana miezi 7 na anataka buti ngumu ya shingo ndefu, namwambia, "Dada, huyu bado. Kama ni kwa picha na kutoka, chukua hivi laini vya kitambaa. Akianza kutembea nje, nipigie." Kweli hapo naacha hela. Lakini yule dada nikimwambia kesho "hiki kinamfaa", ananiamini bila maswali.

Akishaanza kutembea, cha kumuuzia ni chepesi, soli nyembamba isiyoteleza, inakunjika mbele ukiibonyeza kwa vidole viwili, nyuma pameshika kisigino, na kuna mkanda wa kunata au kamba. Andika mambo hayo kwenye tangazo badala ya "kiatu kikali sana". Ukikunja soli ikakataa kama ubao, usimuuzie mtoto anayeanza, hata kama kina taa na kinalia. Wanaouza mtumba nao, tizameni soli kabla ya kupiga picha. Ikiwa imelika upande mmoja, au ndani pameshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, hicho msikiweke kwenye fungu la wanaoanza kutembea.

"Utapoteza wateja kwa maswali mengi"

Hili naambiwa kila siku. Mteja ana haraka, ukimwambia apime anahamia kwa mwengine. Kweli, wapo wanaohama. Lakini tupige hesabu.

Tuseme kiatu unauza 18,000, faida yako 5,000. Boda kumpelekea mteja Fuoni 3,000, kalipa mwenyewe. Kikimbana, boda wa kukirudisha 3,000 na wa kupeleka chengine 3,000. Ukilipa wewe, faida imekwisha na umeingia mfukoni 1,000. Ukimlipisha yeye, hatonunua tena. Ukikataa kubadilisha, atakusema kwa dada zake na majirani. Na huyo ni wa Fuoni. Wa Pemba mzigo unapanda boti, kwenda na kurudi ni siku na gharama nyengine, na ikiwa kesho kutwa ni Idi, mtoto anakwenda sikukuuni na ndara.

Sasa tizama upande wa pili. Mimi nina daftari. Jina la mama, sentimita za mtoto, tarehe. Baada ya miezi mitatu namtumia ujumbe: "Mpime tena mwanetu, huenda keshaacha saizi." Sisemi nunua, nasema mpime. Wengi wanapima na wengi wananunua. Dakika tano za kumfundisha mtu kupima zinanipa mteja wa mpaka mtoto anaingia chekechea. Na daftari hilo ndilo linaloniambia nikaagize nini Kariakoo ya Dar, sichukui tena namba kwa kubahatisha.

Mwengine atasema, "Mteja mwenyewe kanitajia namba, kosa lake." Hapana bwana. Yeye ananunua kiatu cha kwanza cha mtoto wake, labda hajawahi kununua maishani. Wewe unauza kila siku. Anayetakiwa kujua ni wewe.

Basi leo usiku, kabla hujaweka stetasi, chukua kijiti na rula upime jozi zako zote. Futa maneno ya umri, weka sentimita. Fanya mwezi mmoja, kisha hesabu zimerudi jozi ngapi ukilinganisha na mwezi uliopita. Na nyinyi mnaouza kwa namba na umri na hamrudishiwi mzigo, tuambieni hapa mnafanyaje. Mimi niko tayari kusikia, ila njooni na hesabu.