Kufuma si Kazi ya Wasichana Peke Yao

Wavulana wengi huona haya kushika sindano za kufumia. Husema ya kuwa kufuma ni kazi ya wasichana, na kazi ya mwanamume ni kwenda ziwani.

Lakini katika mialo ya Mwanza na Ukerewe wavuvi huonekana wameketi kando ya maji, wakitengeneza nyavu zilizotatuka. Hupitisha uzi, hufunga fundo, huhesabu matundu. Hakuna awachekaye, maana pakiachwa mahali pamoja palipotatuka, samaki hutoroka, na watoto hulala njaa. Hata Yakobo na Yohana, walipoitwa na Bwana, walikuwa katika kazi hiyo hiyo.

Sasa na itazamwe shali ya pembe tatu yenye rangi nyingi. Mfumaji huanzia penye ncha kwa vitanzi vichache, kisha huongeza vitanzi vingine kwa kipimo kile kile, hata kila safu mpya ikawa ndefu kuliko ya nyuma. Akitaka rangi tatu, nyekundu, manjano na buluu, zenye upana ulio sawa, hana budi kupiga hesabu. Nyekundu ikila bonge 1 la uzi, manjano itakula mabonge 3, na buluu mabonge 5. Asiyehesabu hununua uzi sawa wa kila rangi, na shali yake haiishi. Tena kitanzi kikimponyoka naye asikirudie, safu za chini hufumuka moja baada ya moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine watasema kwamba shali zauzwa dukani. Ni kweli, lakini dukani hapauzwi subira wala uangalifu, na mambo hayo hayakuumbiwa wasichana peke yao. Katika vita vya 1914 hata 1918, wavulana na wasichana wa shule katika Uingereza na Marekani walifuma soksi kwa ajili ya askari. Nayo Usukuma ni nchi ya pamba, na uzi wa pamba hufumika vizuri.

Kwa hiyo, mwalimu agawapo sindano, na awape wavulana na wasichana sawasawa. Mvulana aliyezoea kukirudia kitanzi kilichoponyoka, siku atakapokabidhiwa wavu wa baba yake uliotatuka, hatauacha mpaka ameumaliza.