Mbao Kuukuu za Sakafu: Tumuulize Kwanza Mwenye Mali



Ndugu zetu wazazi, nyumba za zamani za Kampala zinazidi kuvunjwa. Hapa kwetu, nyumba za wafanyakazi za Nakawa na Naguru zilizojengwa zama za Mwingereza zilibomolewa mwaka 2011. Kololo na Nakasero nako majumba ya zamani yanapisha maghorofa, na baadhi yake yalikuwa na sakafu za mvule. Mbao hizo huuzwa, na familia zetu huzinunua.

Swali tunaloletewa madrasa ni hili: je, mbao hizi ni tohara, na huenda waliokaa humo walimwaga pombe juu yake? Jibu ni jepesi. Asili ya vitu ni tohara mpaka najisi ithibiti. Ikithibiti, ioshwe, na ya mbwa ioshwe mara saba, moja kwa udongo.

Wala si aibu kutumia kilichotumika. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye kondoo aliyekufa, ambaye mjakazi wa Bi Maymuna (r.a.) alikuwa amepewa sadaka, akauliza mbona hawakunufaika na ngozi yake. Ikiwa ngozi ya mzoga ikishatengenezwa hutumika, vipi tuchome kuni mbao ya mvule, mti unaochukua miaka mingi kukomaa na ambao kiini chake mchwa hukishindwa?

Swali ambalo hatuletewi ndilo zito: nani kauza? Kibarua anayepitisha mbao juu ya ukuta usiku siye mwenye jengo, na urahisi wa bei yake ni dalili tosha. Anayenunua huku anajua ameshiriki dhulma. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, swala juu ya mali iliyoporwa husihi, lakini dhambi ipo; na katika kauli mashuhuri ya wanazuoni wa Kihanbali, haisihi kabisa. Hebu fikirini, baba anawaswalisha wanawe juu ya haki ya mtu!

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Nunueni kwa mwenye jengo, au kwa mkandarasi aliyeachiwa mbao kwa makubaliano. Andikianeni, mkitaja idadi na bei, na wawepo mashahidi. Suratul Baqarah aya ya 282 imetufundisha hivyo. Mwenyewe akitoa bure kwa ridhaa yake, ni halali. Na aliyekwisha kununua kisha akajua ni za wizi, azirudishe kwa mwenyewe au amwombe radhi na kumlipa.

Na wakati wa kuzipiga randa, wawekeni watoto mbali. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, na rangi za zamani huenda zina madini ya risasi.

Tunajifunza kuuliza tohara ya ubao. Tujifunze pia kuuliza tohara ya mkono uliotuuzia.

Wabillahi tawfiq.