Maore na Mto Ruvuma



Yako mambo tunayoyasikia redioni na kuyaacha yapite kwa sababu yametendeka ng'ambo ya bahari. La kisiwa cha Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, ni mojawapo. Kisiwa hicho ni cha funguvisiwa la Komoro, mashariki ya pwani yetu ya kusini, na wenyeji wake wengi husema lugha iliyo ndugu ya Kiswahili. Hata hivyo, tangu tarehe 31 Machi 2011 kimekuwa mkoa kamili wa Ufaransa.

Ufaransa ilikinunua mwaka 1841 kwa Sultani Andriantsoly, ambaye mwenyewe alitoka Bukini. Waliolima na kuvuna huko hawakuulizwa neno. Miongoni mwao walikuwamo watumwa waliovushwa kutoka bara, Wamakua wakiwemo. Basi Mmakua wa Masasi asiulize Maore inamhusu nini. Misheni ya Masasi nayo ilianzishwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta hapa watu waliokombolewa utumwani. Biashara ile ile iliwatawanya hawa na wale.

Mtetezi wa Ufaransa atajibu kwamba watu wa Maore walichagua wenyewe. Ni kweli, na haki hutudai tuikiri kweli hiyo. Katika kura ya Desemba 1974 Wakomoro kwa jumla walitaka uhuru kwa takriban asilimia 95, lakini Maore wengi waliukataa. Na mwaka 2009 zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walitaka kisiwa kiwe mkoa wa Ufaransa. Walihofu kutawaliwa na Ngazija, na mapinduzi yaliyofuata Komoro hayakuwatuliza. Lakini ni Ufaransa iliyoamua kuhesabu kura kisiwa kwa kisiwa, ingawa koloni lilikuwa moja, na Umoja wa Mataifa uliilaani mwaka 1976.

Wacha wachague bendera. Je, kura hiyo iliwapa pia ruhusa ya kumfungia ndugu mlango? Hadi mwaka 1995 mtu wa Nzwani alivuka kilometa zipatazo 70 kwenda kuzika, kuoza au kuuza ndizi. Mwaka huo serikali ya Édouard Balladur iliweka viza. Safari hazikukoma, zilihamia usiku, katika vyombo vidogo viitwavyo kwassa-kwassa. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba watu kati ya 7,000 na 12,000 walikuwa wamekufa katika maji hayo tangu viza ianze. Kimbunga Chido kilipokipiga kisiwa tarehe 14 Desemba 2024, iliripotiwa kwamba wengi wasio na hati walibaki katika vibanda vyao vya mabati, wakihofia kukamatwa wakienda kwenye hifadhi. Siku iliyofuata kimbunga kile kile kiliingia Cabo Delgado bila kuulizwa hati.

Hapo Cabo Delgado ndipo kidole kinapotugeukia. Vita vilianza huko mwaka 2017. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR) lilisema kwamba zaidi ya watu 9,600 walikuwa wamerudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania kupitia Negomano tangu Januari. Negomano! Ng'ambo tu ya Daraja la Umoja. Wamakonde na Wamakua wako kingo zote mbili za mto ule.

Hatusemi mpaka usilindwe. Kitaya ilishambuliwa Oktoba 2020, na serikali isiyowalinda raia wake ina hatia. Lakini mama aliyebeba mtoto mgongoni si mshambuliaji, na Mkataba wa OAU wa mwaka 1969, ambao Tanzania iliuridhia, unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari iliyomkimbiza.

Kwa hiyo tunaomba kila halmashauri ya parokia kuanzia Lulindi hadi mtoni ijibu kwa maandishi: mtu akivuka usiku akikimbia bunduki, nani atampokea, nani atampeleka kwa mtendaji wa kijiji, na nani atafuatilia asubuhi yake ajue amepelekwa wapi?