Mpira una kitambi, lawama kwa straika

JUMAMOSI jioni nilikuwa pembeni ya uwanja mmoja wa vumbi hapa Dar es Salaam, naangalia ndondo. Dakika zinayoyoma, matokeo ni bao 1-1. Winga kapiga krosi safi ya chini, straika yuko peke yake, kipa keshapotea njia. Kaunganisha kwa mguu wa ndani, kiufundi kabisa. Mpira ukakata kona na kwenda zake nje kama umeitwa na mtu.

Uwanja mzima ukamvaa kijana wa watu. "Toa huyo! Kauza mechi!"

Filimbi ya mwisho ilipolia niliuomba ule mpira. Nikauweka chini, nikauzungusha. Uliyumba kama yai. Upande mmoja nyuzi zimekatika, bladda imesukuma ngozi nje. Mpira una kitambi! Hata ungempa straika wa Ulaya, asingejua unakwenda wapi.

Nikauliza nani anautunza. Nahodha akamtazama kocha, kocha akamtazama katibu. Katibu akacheka: "Kaka, mpira nao unatunzwa?"

Ugonjwa wetu uko hapo. Jezi zina mtu wa kuzifua. Pesa za usajili zina mweka hazina. Mpira, ambao bila huo hakuna timu, hauna mwenyewe. Unashinda kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani, unakaliwa kama kigoda kocha akitoa mawaidha, na ukichafuka unasuguliwa kwa brashi ya viatu na sabuni ya unga.

Najua jibu litakalokuja: "Sisi wa mchangani hatuna hela." Sikubali. Klabu kubwa yenye mipira stoo nzima inaweza kutupa mmoja isisikie maumivu. Wewe mwenye mpira mmoja ndiye unayetakiwa kuulea kama mtoto. Tena tuliokulia kwenye chandimu tulilijua hilo. Mpira wa matambara ulikuwa unakazwa kamba kila jioni, na aliyeusuka ndiye aliyeondoka nao nyumbani. Tulikuwa maskini zaidi, lakini mpira ulikuwa na mwenyewe.

Kuutunza wenyewe si sayansi ya roketi. Baada ya mechi futa vumbi kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini kidogo. Usiuloweke kwenye ndoo, maana maji yanapita kwenye mishono na kuozesha nyuzi. Anika kivulini. Jua kali na moto vinakausha ngozi na kulegeza gundi. Uzi mmoja ukikatika, peleka kwa fundi viatu siku hiyo hiyo, kabla haijakatika mitano ukapata kitambi. Kama hamchezi wiki kadhaa, punguza upepo kidogo.

Kujaza upepo ndiko tunakoua mipira mingi. Sindano inachomekwa kavu, valvu inachanika, halafu tunasema mpira ni feki. Ilowanishe kwanza, tone moja la glisarini linatosha, kisha ingiza taratibu.

Halafu kuna hawa wanaokimbilia kujaza kwa mashine ya matairi. Sheria namba 2 ya soka inataka presha ya 0.6 hadi 1.1 ya kanieneo ya hewa, ambayo kwenye geji ni kama 8.5 hadi 15.6 psi. Tairi la gari dogo linakula 30 na zaidi. Mpira uliojazwa kwa mkono wa mtu wa matairi unakuwa jiwe. Waamuzi wetu nao wanaubonyeza kwa kidole gumba, wanatikisa kichwa, mechi inaanza.

Jiwe hilo halimalizikii kwenye kukosa mabao, wadau. Linaishia kwenye vichwa vya watoto wetu. Jeff Astle alikuwa straika wa West Bromwich Albion na timu ya taifa ya England, hodari wa vichwa. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, ubongo umeharibika. Uchunguzi wa kifo chake ulisema kupiga vichwa mipira mizito ya ngozi kwa miaka mingi kulichangia. Mwaka 2020, England na Scotland walitoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini.

Mtu atasema ile ilikuwa mipira ya zamani iliyokunywa maji. Kweli, ya leo hainywi maji kirahisi. Lakini huo wa kwenu wenye nyuzi zilizokatika, mvua ya masika ikinyesha, unakunywa. Sheria inasema mpira uanze mechi ukiwa na gramu 410 hadi 450. Nani aliwahi kuupima wa kwenu? Na huo ndio tunamrushia mtoto wa miaka kumi, tena namba 5 wa wakubwa badala ya namba 4, halafu tunampigia kelele: "Weka kichwa, unaogopa nini?"

Anaogopa kinachoumiza. Ana akili kuliko sisi.

Kwa hiyo waandaaji wa ndondo, mnaonunua ng'ombe na mbuzi wa zawadi, ongezeni geji moja ya upepo, akabidhiwe mwamuzi. Na kila timu imtaje mtu mmoja kwa jina: huyu ndiye wa mpira. Ukipasuka, tunamuuliza yeye.

Yule straika wa Jumamosi sikumuona tena pale uwanjani. Aliondoka na begi lake kabla hata ya kikao. Hakuna aliyemwambia kuhusu kile kitambi.