Hatua Si Mita

Kila tujadilipo msamiati wa vipimo, hurudiwa dai lile lile: kwamba Waswahili hawakuwa na kipimo cha ardhi cha kuaminika, ila mikono na miguu yao tu, hadi alipokuja mgeni na ekari yake. Dai hili nalipinga, tena kwa hesabu, si kwa majivuno.

Tazameni mpangilio wenyewe. Shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa mbili ni wari moja, wari mbili ni pima moja. Kila kipimo ni maradufu ya kilichokitangulia. Je, huu ni ubabaishaji? Na shambani ilikuwapo ngwe, yaani kipande apimiwacho mtu kulima. Wanaoicheka kwa kuwa hufuata kazi ya mkulima wakumbuke kwamba ekari nayo, huko Uingereza, ilitokana na eneo lililolimwa na jozi ya maksai kwa siku. Iweje jembe la ng'ombe liwe elimu, na jembe la mkono liwe ushamba?

Sasa tuje kwenye hatua. Vijijini Tanzania, ekari hutajwa kuwa hatua 70 kwa 70, na wasomi huibeza kauli hiyo. Haya, tuikokotoe. Hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia wari moja. Sabini mara sabini ni wari za mraba 4,900. Ekari kamili ni wari za mraba 4,840. Mzee wa kijijini amekosea kwa wari 60 tu, bila kalamu wala futikamba.

Kosa kubwa tumelizua sisi wenye kalamu, tulipoanza kuandika "mita 70 kwa 70", kana kwamba hatua na mita ni visawe. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, ilhali ekari ni kama 4,047. Neno moja limezalisha zaidi ya mita za mraba 850! Auzaye ekari kwa hesabu hiyo hutoa ardhi asiyolipwa, na hati ikisema "ekari moja" huku mipaka ikisema vingine, warithi wameachiwa ugomvi.

Mtaniambia kwamba mrefu na mfupi hawakanyagi sawa. Ni kweli, na ndiyo maana penye mauziano futikamba na iamue. Sikipingi kipimo kipya. Napinga kukivika jina la cha zamani, kisha lawama ikabebeshwa cha zamani.

Basi watunga kamusi watenganishe hatua, wari na mita, kila moja na maana yake. Nanyi malenga, mnaomkemea mwenzenu kwa mizani moja iliyozidi katika kipande, mtanyamazia vipi mita 850 zilizozidi shambani?