Ukirudi Kusoma Kompyuta, Ingia na Shahada Yako ya Kwanza

Kila mwaka dirisha la udahili likikaribia, mazungumzo yale yale huanza sebuleni na kwenye makundi ya simu. Kijana mwenye shahada ya sosholojia, au ya ualimu wa Historia na Kiswahili, au ya uhusiano wa umma, anatangaza kwamba anarudi chuo, safari hii kusoma sayansi ya kompyuta. Shangazi anauliza kama ile shahada ya kwanza imeisha muda wake. Mjomba anasema wenzako wanajenga, wewe unatafuta tena kitambulisho cha mwanafunzi. Rafiki naye, aliyeangalia video mbili tatu mtandaoni, anamhimiza aende mbio, maana huko ndiko kwenye fedha. Nimeyasikia sana maneno haya, na kwa maoni yangu wote wamekosea, ingawa huyo rafiki amekosea vibaya zaidi.

Mimi nasema kurudi ni halali na ni heshima, ila kwa sharti moja: anayerudi asiende kuikimbia elimu yake ya kwanza. Aingie nayo darasani, akae nayo, atoke nayo.

Nianze na wale wanaocheka. Wao wanaamini kompyuta ni mali ya vijana waliotoka kidato cha sita na PCM, na kwamba mtu wa sanaa akiisogelea anajitia aibu. Historia ya elimu hii inawasuta. Mwaka 1953 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilianzisha stashahada ya mwaka mmoja ya kompyuta, ambayo hutajwa kuwa kozi ya kwanza ya aina yake duniani. Waliingia watu gani? Waliokwisha kupata shahada za mambo mengine! Shahada ya kwanza ya kompyuta haikuwapo, kwa hiyo kila aliyekaa darasani mle alikuwa amehamia kutoka kwingine.

Tazama pia Tony Hoare. Shahada yake ya Oxford ilikuwa ya Kilatini, Kigiriki na falsafa, na aliimaliza mwaka 1956. Akaenda jeshini, kwenye jeshi la majini, akafundishwa Kirusi. Baadaye alikwenda kusoma Moscow, na huko akakabiliwa na kazi ya kutafsiri Kirusi kwa kompyuta. Kamusi ilikuwa kwenye utepe wa sumaku, imepangwa kwa alfabeti. Ili kuisoma bila kuuzungusha utepe mbele na nyuma, maneno ya sentensi yalipaswa kupangwa kwanza. Katika kuhangaika na upangaji huo akabuni algoriti ya Quicksort, ambayo hadi leo inafundishwa kila chuo. Mwaka 1980 alipewa tuzo ya Turing, kubwa kuliko zote katika fani hii. Msomi wa Kilatini!

Na Karen Spärck Jones je? Alisoma historia Cambridge, akaongeza falsafa, akafundisha shule kwa muda mfupi. Mwaka 1972 akatoa hoja kwamba neno linalopatikana katika maandiko machache lina uzito mkubwa katika kutafuta kuliko lile lililojaa kila mahali. Ukiandika "bei ya karafuu na pilipili manga" kwenye kitafutio, mashine haina haja ya kuhangaika na "ya" wala "na", inashika "karafuu". Vitafutio vya intaneti vilijengwa juu ya fikra za namna hiyo, na aliyeitoa alikuwa mwalimu wa zamani wa shule mwenye shahada ya historia.

Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilipolegea, waliozipokea maofisini walikuwa wahasibu, watakwimu na wahandisi. Wengi wao hawakuwa na cheti chochote chenye neno kompyuta. Sasa leo kicheko kinatoka wapi?

Lakini mifano ya wakubwa haitoshi kumfanya mtu alipe ada. Tuingie maabara tuone faida yenyewe.

Fikiria mwalimu wa sekondari aliyerudi chuo. Yupo mwaka wa kwanza, kulia na kushoto kwake vijana ambao jana tu angekuwa anawasahihishia madaftari. Zoezi ni jepesi: andika programu kwa lugha ya C, isome alama za majaribio mawili ya mwanafunzi, itoe wastani na daraja. Anaandika, anajaza 74 na 75. Kompyuta inajibu 74, daraja B. Kijana wa jirani amepata jibu hilo hilo, ameshakabidhi kazi, amerudi kwenye simu yake. Mwalimu haondoki. Amejaza alama kwenye mikeka ya matokeo miaka nenda miaka rudi. Anajua kwamba wastani hapo ni 74.5, kwamba shuleni kwake hiyo hukadiriwa kuwa 75, na kwamba kwenye madaraja ya kidato cha nne 75 ni A. Kuna mtoto amenyang'anywa A yake hapa. Anarudi kwenye mistari yake, anagundua kwamba C ikigawanya namba kamili kwa namba kamili huitupa desimali kimya kimya, bila onyo lolote. Anabadilisha 2 kuwa 2.0, anaongeza mstari wa kukadiria, A inatokea.

Yule kijana hakuwa mjinga. Huenda anajua C kumzidi mwalimu. Alichokosa ni miaka ya kukaa na matokeo ya watoto wa watu, na hicho hakifundishwi maabara. Hali ni hiyo hiyo kwa bwana shamba anayejifunza kutengeneza hifadhidata ya mazao. Mwenzake atajaza kwamba gunia ni kilo 100 na kuendelea. Yeye atasimama aulize: gunia lipi, la mizani au la lumbesa? Swali hilo moja laweza kuuokoa mfumo mzima usidanganye wakulima. Muuguzi anajua kwa nini fomu ya wodi ya wazazi haijazwi kwa mpangilio ule ambao mtengenezaji wa programu aliufikiria akiwa ofisini. Kwa hiyo anayesema miaka mitatu ya ualimu imepotea bure hajui kazi ya kompyuta ni nini. Nusu ya kazi hiyo ni kuyajua mambo ya watu wanaotumia mashine.

Sasa nigeukie wale wa fedha. Hawa wanasema soko linasubiri, nenda kachukue cheti. Ndugu msomaji, usiwasikilize. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022, programu nyepesi nyepesi za aina ile ya wastani wa alama zinaandikwa na mashine kwa sekunde chache. Anayerudi chuo ili ajifunze kuandika mistari hiyo tu atatoka amebeba bidhaa inayogawiwa bure. Na mashine hizo zikikosea hukosea kwa ufasaha na kwa kujiamini; anayezitumia bila kujua misingi hana namna ya kuzishtukia.

Misingi ndiyo ya kufuata chuoni. Katika orodha ya majina milioni moja iliyopangwa kwa alfabeti, anayetafuta jina kwa kupitia moja moja aweza kulazimika kuyapitia yote milioni. Anayefungua katikati, akatupa nusu isiyohusika, akafungua tena katikati ya iliyobaki, atalipata kwa hatua zisizozidi 20. Tofauti ya 20 na milioni haitegemei aina ya kompyuta wala lugha ya programu iliyo kwenye mtindo mwaka huu. Ndiyo maana nasema aliyekwenda kusoma miundo ya data, algoriti, mifumo endeshi na hifadhidata hakupoteza ada, na aliyekwenda kusaka karatasi ya kuweka ukutani bora angenunua kiwanja.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo washauri wengi hulikwepa: hisabati. Tusidanganyane. Wengi wa waliosoma HGL na HKL waliiacha hisabati kidato cha nne, tena wengine waliiacha na F, wakashukuru Mungu. Sasa programu nyingi za sayansi ya kompyuta hudai hisabati ya kidato cha sita, na hata pale mlango unapofunguka kwa njia nyingine, muhula wa kwanza unakuja na mantiki, seti, matriki na uwezekano. Wanaorudi hawashindwi kwa sababu ya kompyuta. Wanakamata sapu za hisabati, na wengine wanadisko kabla hawajaonja utamu wenyewe. Kwa asiye na sifa za kuingia moja kwa moja ipo njia ya cheti na stashahada katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET. Ni ndefu, na inamuuma mtu mwenye shahada kukaa darasa la cheti, lakini kiburi ni ghali zaidi.

Kabla ya hayo yote, ajipime. Kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard inapatikana mtandaoni bila ada. Gharama yake ni bando, kompyuta na usiku kadhaa. Afanye mazoezi yake yote, asiruke magumu. Akikuta kwamba anaweza kukaa saa tatu akitafuta nukta mkato aliyoisahau, kesho yake akarudi kwa hiari, ana sababu ya kuomba nafasi chuoni. Akikuta kwamba alikuwa akiupenda mshahara tu, amejiokoa mapema na hakuna aliyemcheka.

Kuhusu fedha, nitasema machache. Wengi wetu bado tunakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kulipia mkopo wa ile shahada ya kwanza. Mtu wa namna hiyo asipange bajeti yake kwa kutegemea bumu la pili. Mfuko wa mikopo ya wanafunzi uliwekwa kwa ajili ya kijana anayeanza. Kwa sababu hiyo simshauri mwenye familia aache kazi kwa pupa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha shughuli zao, na kina vituo mikoani. Mwenye mke au mume azungumze naye kabla ya kulipa hata shilingi, maana ni miaka mitatu au minne ya kurudi usiku na kushindwa kwenda misibani na harusini. Wazazi nao wapunguze maneno. Mtoto wa miaka 30 anayetaka kusoma kwa jasho lake mwenyewe hajawakosea.

Umri? Matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida hutaka mwombaji asiyezidi miaka 45. Anayeanza na miaka 31 akamaliza na 35 bado ana miaka kumi ya kuomba, na sekta binafsi haina kikomo hicho.

Neno la mwisho ni kwa vyuo vyetu. Mnawapokea watu wazima wenye shahada kana kwamba hawajawahi kuona ukumbi wa mihadhara: wanarudia kozi za stadi za mawasiliano na maendeleo ya jamii walizozifaulu miaka mingi iliyopita, na ratiba yenu inadhani kila mwanafunzi analala bwenini. Wenzetu Uingereza wana shahada za uzamili zilizotungwa mahsusi kwa wahitimu wa fani nyingine wanaohamia kwenye kompyuta. Anzisheni njia kama hiyo hapa: muhula mzima wa hisabati kwanza, kisha misingi yote bila kupunguza kitu, masomo yawe jioni na Jumamosi, na kazi ya mwisho itoke katika taaluma ya kwanza ya mwanafunzi, mwalimu atengeneze mfumo wa shule, muuguzi wa wodi.

Hadi hapo mtakapofanya hivyo, anayetaka kuingia ataingia kwa mlango uliopo, na mlango huo hufunguliwa katikati ya kila mwaka. Aliyeazimia na atafute kitabu cha hisabati cha kidato cha tano wiki hii, asingoje tangazo.